Shajara ya mradi: kuku wa Kisauni wapande kreti wenyewe

Kabla ya kuanza

Ua uko Kisauni. Upande mmoja una ukuta wa mawe ya matumbawe, pande zilizobaki ni wavu. Ndani mna mwembe, banda la mbao na mabati, na kuku wa kienyeji: majogoo, mitetea, na tembe wanaokaribia kutaga. Tunataka mambo matatu. Kuku warudi bandani wakisikia mlio, kabla ya Maghribi. Kila mmoja apande juu ya kreti ya soda na kutulia apimwe uzito. Na akiwa pale, akubali kushikwa kichwa na kutiwa tone la chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) jichoni.

Mtu atauliza mbona wasikamatwe usiku wakiwa wamelala juu ya fito. Kwa mwenye kuku wachache hiyo ndiyo njia nyepesi, hatubishi. Lakini gizani huoni vizuri kama tone limeenea jichoni, huoni utitiri chini ya mbawa wala vidonda vya miguu, na kupima uzito kila wiki kwa tochi ni kazi isiyodumu.

Hali tuliyoikuta ni ya kukimbizana. Kukimbiza nako ni kufundisha. Kila kuku anayeponyoka analipwa kwa kuponyoka kwake: mkono uliokuwa ukimtisha umeondoka. Huo ni uimarishaji hasi, yaani tabia inazidi kwa sababu jambo baya limeondolewa. Wengi huuchanganya na adhabu, kumbe adhabu hupunguza tabia, na uimarishaji, uwe chanya au hasi, daima huongeza. Kuku mgumu zaidi uani si yule ambaye hajawahi kukamatwa. Ni yule anayeponyoka mara nyingi na kukamatwa mara mojamoja. Kwa hiyo hatuanzi na sifuri, tunaanza chini yake. Amri ya kwanza ya mradi: hakuna kumfukuza kuku yeyote mchana, kwa sababu yoyote. Akiugua, achukuliwe usiku.

Vifaa

Malipo ni chenga za mchele, kavu. Zinalingana ukubwa, hamezi nyingi kwa mpigo, na hazimchukui muda. Mahindi yaliyopasuliwa tuliyajaribu na kuyaacha: punje moja kubwa, nyingine ndogo, kuku anaanza kuchagua. Chenga zimo ndani ya kikombe kidogo cha kupimia dawa ya kikohozi, kimegundishwa kwenye ncha ya mwiko. Kikombe kinasogezwa mbele ya kuku kwa sekunde moja hivi, anadonoa mara mbili au tatu, kinaondolewa. Hayo ndiyo malipo mamoja.

Kumwaga chenga chini ni kosa ambalo kila mgeni hulifanya. Kuku akishapata punje chini, ataendelea kupekua hapo hata baada ya punje kwisha, na muda wote huo unafundisha kupekua.

Alama ni mlio wa kalamu ya kubonyeza. Kidoko cha ulimi kingefaa pia, na kingeacha mikono huru, ila kila mtu ana kidoko chake, na mtu mmoja hupiga kwa namna mbili akichoka. Kalamu hailii kwa nguvu. Upepo wa kusi ukivuma haisikiki zaidi ya hatua chache, na haidhuru, maana kuku anafanya kazi umbali wa mkono. Kwa mwito wa mbali tutatumia debe. Milio hii miwili ina kazi tofauti na haitachanganywa: kalamu inasema «hapo hapo, umepata», debe linasema «njooni».

Vitu vingine: duara jekundu la upana wa sentimita 2 lililokatwa kwenye kifuniko cha plastiki na kubandikwa kwenye kijiti, duara la buluu la ukubwa huohuo, kreti, kipande cha mpira wa kutandika juu yake, pete za plastiki za rangi za kuvisha miguuni ili kila kuku ajulikane, na daftari.

Kazi hufanywa na kuku mmoja mmoja, dakika 3 hadi 5, kisha anapumzika. Mfuko wa chakula shingoni ukijaa, hamu inakwisha na somo linaisha nayo. Hatuwashindishi njaa. Tunafanya asubuhi kabla ya chakula cha kwanza, au saa kumi alasiri kabla ya cha jioni, na maji yapo wakati wote. Adhuhuri ya kaskazi haifai kabisa: kuku amepanua mdomo na kutanua mbawa, anatafuta kivuli tu. Mwenzake akae upande wa pili wa wavu anamwona, kwani kuku aliyetengwa peke yake hulia na kukataa kula.

Wiki ya kwanza: mlio uwe na maana

Hapa ni kazi ya Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walianza kutoa mate kabla chakula hakijafika mdomoni, kwa ishara tu ya kwamba kinakuja. Kuku haombwi kufanya lolote katika hatua hii. Kalamu ilie, kisha kikombe kifike ndani ya nusu sekunde hadi sekunde moja. Ikipita zaidi, kuku ameshageuza kichwa na kuangalia jambo jingine. Mara 20 kwa kikao, nafasi kati ya mlio na mlio iwe sekunde 5, kisha 18, kisha 9, isiwe na mpangilio. Ikiwa kila baada ya sekunde 10, atajifunza saa, si mlio.

Jaribio la kujua kama mlio umeingia: subiri kuku aangalie pembeni, bonyeza. Akigeuka upesi kutafuta kikombe, tayari.

Wengi waligeuka mapema. Lakini kundi moja halikugeuka hata baada ya vikao kadhaa, na sababu ilikuwa ndoo. Chenga zilihifadhiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana, na kifuniko hicho hulia kinapofunguliwa. Kuku hao walikuwa wakilishwa kutoka ndoo hiyohiyo tangu vifaranga. Kifuniko kilishawaambia kwamba chakula kinakuja, kwa hiyo kalamu iliyofuata haikuwaambia jambo jipya. Leon Kamin alionyesha hali hii kwa panya mwaka 1969: ishara ya zamani inayotabiri tukio kikamilifu huizuia ishara mpya isijifunzwe, hata zikija pamoja mara nyingi. Dawa yake: chenga zimiminwe kikombeni mbali na ua, ndoo ibaki ndani ya nyumba.

Tatizo la pili ni mkono. Mkono ukianza kusogea kabla kalamu haijalia, kuku anasoma bega lako, na kalamu inakuwa pambo. Mwenye mwiko asimame na mkono umetulia mgongoni au kifuani. Alize kalamu. Ndipo asogeze. Hili linahitaji mazoezi ya mtu, si ya kuku. Tumeona bora mtu afanye kwanza na kikombe kitupu na mwenzake akimtazama.

La tatu lilitoka nje ya wavu. Watoto wa jirani hupitisha makombo ya ugali na mikate matunduni, na kuku hawa wanapata chakula bila mlio wowote. Robert Rescorla, mwaka 1968, alipima jambo hili: haitoshi kuhesabu mara ngapi ishara na tukio vimekuja pamoja. Kama tukio linakuja vilevile bila ishara, ishara haina habari yoyote. Watoto wamepewa kazi ya kuandika daftari. Ilifaa kuliko kuwakataza.

Wiki ya pili: kudonoa duara jekundu

Sasa kuku anatakiwa afanye kitu ili alipwe. Duara linashikwa umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, usawa wa kichwa. Analitazama: mlio, malipo. Anasogeza shingo kulielekea: mlio, malipo. Kutazama tu hakulipwi tena. Analigusa. Analidonoa. Kila ngazi inalipwa mpaka iwe imara, kisha inaachwa kulipwa na inayofuata inaanza. Huku ndiko kufinyanga tabia, na kanuni tunayoifuata ni hii: akifaulu mara 8 kati ya 10, panda ngazi, akikosa mara 3 mfululizo, rudi ngazi moja. Kuku akisimama na kukutazama, ngazi uliyoweka ni ndefu mno.

Mwendo wa malipo ni wa haraka, 10 hadi 15 kwa dakika. Wanaofuga mbwa hushangaa. Kuku si mbwa: ukimlipa polepole anaondoka.

Kuna njia ya mkato, na inafanya kazi kwa ndege hasa. Brown na Jenkins, mwaka 1968, waliwasha kitufe chenye taa kwa sekunde chache kisha wakatoa chakula, bila kujali njiwa amefanya nini. Njiwa walianza kukidonoa kitufe wenyewe. Ishara ya chakula kwa ndege anayedonoa huwa kitu cha kudonoa. Kwa tembe waoga tulionyesha duara, tukatoa kikombe, tukaonyesha duara, tukatoa kikombe, na baadaye mdomo ukalifuata duara bila kufinyangwa.

Muda wa kubonyeza ndio kila kitu hapa. Mtetea mwenye pete ya njano anageuka mzunguko mmoja kushoto kabla ya kudonoa. Kugeuka hakuhitajiki, ila mlio ulichelewa mara chache ukaangukia kwenye mzunguko, na yeye amehesabu mzunguko kuwa sehemu ya kazi. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa njiwa chakula kila baada ya sekunde 15, wafanye wasifanye, na mwaka 1948 aliandika kwamba 6 kati ya 8 walikuwa wamejipatia vitendo vyao: mmoja akizunguka, mwingine akisukuma kichwa kwenye kona ya kizimba. Ukilinganisha na hao, pete ya njano ni mwenye busara. Tunamlipa tu pale anapodonoa moja kwa moja. Mizunguko inapungua, haijaisha.

Baada ya hapo, duara la buluu likaletwa kando ya jekundu. Jekundu linalipa, buluu halilipi. Kosa haliadhibiwi: maduara yote mawili yanaondolewa kwa sekunde 2 kisha yanarudi. Pande zibadilishwe bila mpangilio, na zisikae upande mmoja zaidi ya mara 3 mfululizo. Vinginevyo kuku anajifunza «kulia» na si «nyekundu», nawe utamsifu kwa werevu asiokuwa nao. Jambo la kuangalia: macho ya kuku yana aina nne za vipokezi vya rangi, pamoja na cha urujuani kinachofika hadi mwanga ambao sisi hatuuoni. Vifuniko viwili vya plastiki vinavyolingana machoni petu huenda yeye akaviona tofauti, na mkwaruzo au harufu ya chenga kwenye duara moja inatosha kuwa jibu. Futa yote mawili kwa kitambaa kimoja kila kikao.

Hali: jekundu na buluu, wote isipokuwa jogoo mkubwa. Yeye akidonoa chenga hupiga mlio wa kuwaita mitetea badala ya kula. Tumemwacha.

Wiki ya tatu na ya nne: kreti

Kreti imegeuzwa chini juu na kutandikwa mpira, kwa sababu vidole vya kuku huingia matunduni akaogopa. Duara linaongoza. Kwanza kando ya kreti, kisha juu yake, kisha ndani kidogo ili lazima apande. Kupanda kulikuja kwa urahisi, kuku hupenda kusimama juu ya kitu.

Kutulia ndiko kazi. Mzani wetu unataka sekunde 5 za utulivu. Tuliongeza muda: sekunde 1, 2, 1, 3, 2, 4. Usiongeze mfululizo tu. Kuku akigundua kila mara inakuwa ngumu zaidi, anashuka. Lakini ilipofika sekunde 4, mitetea kadhaa wakaanza kupekua juu ya mpira, mguu wa kulia, wa kushoto, mguu wa kulia, kama wako jaani.

Hili lina historia. Keller na Marian Breland, wanafunzi wa Skinner waliofunza wanyama kwa biashara huko Marekani, waliandika mwaka 1961 kuhusu tabia zilizowashinda. Walitaka kuku asimame tuli juu ya jukwaa kwa sekunde 12 hadi 15. Zaidi ya nusu ya kuku wakaanza kupekua. Wakakubali yaishe, wakamwita «kuku anayecheza ngoma», wakamfanya onyesho hivyohivyo. Hoja yao ilikuwa nzito kuliko mchezo wenyewe: mnyama anayesubiri chakula huteleza kuelekea desturi ya kimaumbile ya kutafuta chakula, hata ikimchelewesha kukipata. Malipo hayaandiki juu ya ubao mtupu.

Sisi hatutaki ngoma juu ya mzani. Tulichobadilisha:

Mpira wa mikunjo uliondolewa, ukawekwa ubao laini. Mguu hauna cha kukwangua. Punje zilizodondoka zilifutwa kila baada ya malipo, maana punje moja chini ya ukucha inatosha kuanzisha yote. Kikombe kilianza kuletwa juu kidogo ya usawa wa kichwa, hivyo anayesubiri anaangalia juu, na kuku anayeangalia juu hapekui. Hili la mwisho ndilo lililofanya kazi kubwa. Halikumkataza kupekua, lilimpa jambo jingine lisiloweza kufanyika pamoja na kupekua.

Pia tulishusha lengo. Mzani wa dijitali unaoshikilia kipimo unahitaji sekunde 2 tu. Wakati mwingine ni rahisi kubadilisha chombo kuliko kubadilisha kuku.

Wiki ya tano: kupunguza malipo

Kulipa kila mara ni kwa kufundishia. Tabia ikishakuwa imara, malipo ya kila mara huifanya iwe dhaifu: siku malipo yakikosekana, tofauti inaonekana mara moja na kuku anaacha. Aliyezoea kulipwa mara mojamoja haoni tofauti upesi, anaendelea. Ndivyo pia mashine za kamari zinavyomshika mtu.

Ferster na Skinner walichapisha mwaka 1957 kitabu kizima cha ratiba za malipo, na sura zake zinaonekana hata uani. Ukilipa kila baada ya madonoo 5 kamili, kuku anadonoa upesi matano, anakula, kisha anapumzika kabla ya kuanza tena. Ukilipa donoo la kwanza baada ya sekunde 30 kupita, hafanyi kitu mwanzoni, anaongeza kasi sekunde zinapokaribia kwisha. Ukilipa kwa wastani wa 5, mara 2, mara 8, mara 4, mara 6, anadonoa kwa mwendo ulio sawa bila kupumzika. Ukilipa kwa muda unaobadilika, mwendo ni wa polepole lakini haukatiki.

Kwa kreti tunatumia wastani wa 3. Namba ziliandikwa kwenye vikaratasi ndani ya mkebe: 1, 2, 3, 4, 5. Mwenye mwiko anachomoa kimoja bila kuangalia, anakitumia, anakirudisha. Akiachiwa achague kichwani mwake, hulipa kila anapoona huruma, na kuku huijua huruma ilivyo usoni.

Tahadhari moja imekosewa na vikundi vingi. Kupunguza malipo si kubonyeza kalamu bila kutoa chakula. Mlio ukilia, chenga zije, kila mara, mpaka mwisho wa mradi. Kinachopunguzwa ni mara ngapi tabia inapata mlio. Mlio bila chakula unaiua alama yenyewe. Huko Morogoro, shirika la APOPO linafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi, na msingi ni huohuo: mlio wa kubonyeza, kisha ndizi au karanga.

Ruka kutoka 1 hadi 5 kwa siku moja, kuku ataacha kupanda kreti. Nenda 1, kisha wastani wa 2 mpaka atulie, kisha 3.

Makelele ya mlangoni

Tembe mwenye pete nyeupe hupiga kelele na kuparamia mlango wa wavu kila mtu anapotoka nyumbani, kwa kuwa zamani aliyechoka na kelele alimrushia kitu. Uamuzi ni kuiacha tabia izimike: hakuna anayemlipa, hakuna anayemtazama.

Kinachofuata kinatabirika, na ndiyo maana watu wengi hushindwa. Kabla ya kushuka, tabia hupanda. Kelele zinakuwa kubwa zaidi, anaruka juu zaidi, anadonoa wavu. Mtu akikata tamaa hapo na kumtupia ukoko wa wali, amelipa kelele kubwa, na kesho ataanzia hapo. Na kwa kuwa alikuwa akilipwa mara mojamoja, kuzimika kwake ni kwa polepole. Humphreys alilionyesha hilo tangu 1939. Siku ikipita bila kelele, asubuhi inayofuata inaweza kurudi kidogo bila sababu. Si kwamba amesahau somo. Inarudi, haipati kitu, inashuka tena.

Kuzima peke yake ni kazi ndefu na inaudhi pande zote mbili. Tumeongeza la pili: akiwa amesimama juu ya jiwe lililo kando ya mlango, kimya, analipwa. Kelele zimehamia pengine kabisa, kwa jogoo, ambaye hana haja ya mlango.

Mkono

Hii ndiyo hatua tuliyoitengea muda mwingi kuliko zote. Mkono una historia ya kukamata, na hofu haiondoki kwa kuku kuwa na njaa.

Mpangilio ni lazima uwe mkono kwanza, chakula baadaye. Mkono unaonekana umbali wa mita 1: mlio, chenga. Mkono unaondolewa: chenga zinakwisha. Nusu mita. Unagusa mgongo kwa sekunde moja. Unagusa bawa. Unashika kifua kwa chini bila kunyanyua. Unanyanyua sentimita 1, unarudisha. Ukigeuza mpangilio, ukampa chenga kwanza kisha ukamshika akiwa anakula, chenga ndizo zinakuwa onyo, na siku hiyo unapoteza yote: hofu ya mkono inabaki na kikombe kinaanza kuogopwa.

Dalili za kwamba umevuka mpaka ni ndogo. Shingo inarefuka na kusimama. Kope zinakaza. Anaacha kudonoa ingawa kikombe kipo mdomoni. Kuku anayekataa chenga hajashiba, ana hofu. Rudi hatua mbili. Mtetea anayechutama chini unapomgusa mgongo si kwamba ametulia pia. Ndivyo anavyofanya mbele ya jogoo.

Kwa jicho: kidole kinagusa upande wa kichwa, mlio, chenga. Kidole kinainamisha kichwa kidogo. Chupa tupu ya matone inasogezwa juu ya jicho bila kudondosha. Kisha tone la maji yaliyochemshwa yakapoa. Haya yote kabla ya siku ya chanjo. Siku yenyewe, tone moja jicho moja, mshike mpaka apepese na tone lienee, ndipo mlio. Chanjo ikae kwenye chombo chenye barafu na itumike kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Kuhusu dawa za kuchanganya na maji ya kunywa, neno moja. Panya akiugua hulaumu ladha. Garcia na Koelling walilibainisha mwaka 1966. Ndege hutumia macho: mwaka 1971 ilionekana kwamba kware walioumwa baada ya kunywa maji yenye rangi ya buluu na ladha kali waliyakwepa kwa rangi yake hasa. Dawa ya kuku inayotiwa rangi isiwekwe kwenye chombo cha maji cha kila siku. Tumia chombo cha rangi nyingine, ukiondoe baadaye.

Kuhusu fimbo na kumwagia maji, hatukutumia. Adhabu huzima tabia mbele ya mwenye fimbo tu, na mkono ulioishika ndio huohuo tunaotaka upokelewe.

Debe la jioni

Debe linapigwa mara tatu, nusu saa kabla ya Maghribi, na malipo yanatolewa ndani ya banda. Siku za mwanzo malipo ni makubwa: dagaa waliosagwa, au mchwa wakipatikana baada ya mvua. Mwanzoni debe lilipigwa kuku wakiwa mlangoni tayari, kisha hatua chache mbali, kisha kutoka kona yoyote ya ua.

Waliojifunza kwanza ni kunguru. Kabla mitetea hawajafika nusu ya ua, mwembe ulikuwa umejaa, na wengine wakashuka kuokota dagaa mlangoni. Kunguru hawa wa Bara Hindi huchukua vifaranga pia, kwa hiyo debe likawa linawaita wezi wa chakula na wa watoto kwa pamoja. Ishara haina mwenyewe. Yeyote anayelipwa baada yake anajifunza.

Tumebadilisha mahali pa malipo, si mlio. Chakula chote kiko ndani, nyuma ya wavu wa matundu madogo, sahani zimesogezwa hadi ukuta wa ndani, na mlango unashushwa nusu ili kuku aingie kwa kuinama. Hakuna punje inayobaki nje. Kunguru waliendelea kuja, tena kwa kelele zaidi kuliko mwanzo, kisha wakapungua. Bado wawili watatu hukaa juu ya mabati.

Sharti moja kwa nyumba nzima: debe lisipigwe kwa ajili ya kukamata. Kuku wa kuchinjwa kwa ajili ya wageni achukuliwe usiku, bila debe. Ishara iliyolipa dagaa mwezi mzima inaweza kuharibika kwa jioni moja ya kukimbizana ndani ya banda lililofungwa.

Hali ya sasa na kazi iliyobaki

Kreti: wote wanapanda kimya isipokuwa jogoo mkubwa, ambaye hupanda na kuwika. Mzani: sawa kwa mitetea, tembe bado wanachezacheza. Mkono: wengi wako kwenye hatua ya kuinamisha kichwa, pete ya njano amekwama kwenye bawa. Debe: wanarudi.

Kila kitu hiki kimefanyika na watu walewale, kreti ileile, kona ileile. Mafunzo ya kuku hushika mahali yalipofanyika, na huenda kuku anayetulia kwa mwenye kanzu akamkimbia mwenye buibui. Wiki ijayo mtu mwingine atashika mwiko, kreti ihamie upande wa mwembe, na ngazi zirudishwe chini kwa kila badiliko: badili kitu kimoja kwa wakati, lipa kila mara kwa kikao kimoja, kisha rudi kwenye mkebe. Chanjo inayofuata haitatiwa mpaka mtu wa pili aweze kutia tone la maji kwa kuku wote bila kikombe kukataliwa. Vifaranga wanaototolewa sasa wataanza na mkono tangu siku za mwanzo, kabla hawajajifunza kuukimbia.